Ua la Tatu la Aproni

Alhamisi, 14 Agosti. Ukungu asubuhi, halafu saa nane mvua kubwa, mpaka hapa Matisi mabati yakameza sauti ya cherehani.

Mama yangu alifika jana kutoka Chwele na kiondo cha kunde na njugu. Ni mara yake ya kwanza kulala kwangu tangu tumzike baba.

Kabla ya mvua alikuja mzee Mhindi wa duka la vitambaa, anayeniuzia nyuzi tangu nianze kushona. Alileta aproni nyeupe ya ngozi laini, yenye ukingo wa samawati na maua mawili ya utepe. La tatu lilikuwa limeng'oka, amelishika mkononi. Marehemu mke wake ndiye aliyezoea kuyashona.

"Ni ya Frimasoni," akasema wazi. "Kama hutaki, fundi, sema tu."

Nikauliza maua ni ya nini. Akasema anayeingia huvaa nyeupe tupu, huyo ni mwanafunzi. Daraja la pili, maua mawili. La tatu, matatu na ukingo: fundi kamili. Yako matawi mengine, yeye hakuyafuata. "Hata wewe si ulianza kwa kuokota pini?" Mengine hakusema, nami sikuuliza, kwa hivyo siwezi kuandika kwamba hakuna.

Alipotoka tu, mama akasimama. "Ati Frimasoni! Chakula cha nyumba hii sili. Narudi kwangu."

Akafunga kiondo. Simlaumu, kwetu jina hilo husemwa kwa kunong'ona, eti ni la waabudu shetani. Nilishona nikimwangalia yeye, si sindano. Ua likakaa upande.

Akaliona kutoka mlangoni. "Ndivyo nilivyokufundisha?"

"Hapana, mama."

Akasogea, akainamia yale mawili ya zamani. "Huyu marehemu alijua kazi."

Akavaa miwani, akamwomba Mungu kwa sauti, akafumua mishono yangu yote, akashona upya kwa kufuata mkono wa marehemu. "Namshonea yeye," akasema. "Si hao."

Saa kumi na moja mzee alirudi. Alipitisha kidole juu ya maua, moja moja, akashindwa kujua jipya ni lipi. Machozi yakamlengalenga.

"Pole kwa kufiwa na mke, mzee," mama akamwambia.

Sijui kama nilifanya vizuri kuipokea ile kazi. Jioni tulikula ugali na kunde zilizoungwa kwa njugu. Mama alijipakulia mwenyewe, akaongeza.