Mama Tofu wa Ukumbi wa Chai

Kwa muda mrefu, mtu aliyewachosha watu kuliko wote katika ukumbi wa chai wa mji wetu, Qingtan, alikuwa muuza tofu, ile jibini ya soya, mmoja aitwaye Yin Suqiong. Hakuwa mgomvi, hakuwa mlevi, na wala hakumkalia mtu kiti chake. Kosa lake lilikuwa moja tu: opera ikianza, mdomo wake nao unaanza.

Mimi ni mpiga matoazi wa kikundi chetu. Kiti changu kiko pembeni mwa jukwaa, karibu na ngoma, na kutoka pale naziona nyuso za waigizaji na za watazamaji kwa pamoja. Kwa hiyo habari za Suqiong sikuzipata kwa kusimuliwa. Nimezishuhudia tangu siku ya kwanza alipoingia ukumbini akiwa mke mgeni, kamshika mkono mama mkwe wake, Bibi Kuang.

Suqiong alizaliwa milimani, huko wanakochuma chai, na opera hakuwa akiijua hata kwa kuionja. Bibi Kuang, yeye, aliipenda kuliko wali. Kisukari kilipompofusha, wala hakuyalilia macho yake. Alikililia kiti chake cha mstari wa mbele. Ndipo alipomwita mkaza mwana.

"Vaa viatu. Tunakwenda ukumbini. Leo wewe ndiye macho yangu."

"Mama, mimi mambo yale siyaelewi."

"Nani kakuuliza kama unayaelewa? Wewe niambie unachoona, basi."

Wakakaa mbele yangu kabisa. Pazia likafunguliwa, nikapiga matoazi, na Suqiong akamwinamia mama mkwe sikioni. "Katoka mtu mwenye uso mwekundu. Anapiga kelele."

"Kelele nazisikia mwenyewe! Yamekufa macho, hayakufa masikio. Mkononi kashika nini?"

"Kifimbo chenye vishada."

"Loo, mtoto wa watu wewe! Hicho si kifimbo, ni farasi. Akikiinua, kapanda. Akimpa mtumishi, kateremka. Haya, farasi anaelekea wapi?"

"Haelekei popote, mama. Anazunguka jukwaa tu."

"Basi keshamaliza safari ya mwezi mzima. Uso mwekundu ni mtu mwaminifu. Akitokea mwenye uso mweupe, niguse goti, huyo ndiye mwenye hila."

Hivyo ndivyo Suqiong alivyoingia katika opera, kwa kutukanwa tukanwa. Nyumbani walizozana juu ya chumvi na juu ya nani kaacha mlango wazi, lakini ikifika Jumamosi mchana walikuwa chanda na pete. Baada ya miaka michache Suqiong alikuwa anamwambia mama mkwe mambo ambayo hata sisi wenyewe hatukuwa tumeyaangalia: kwamba binti wa mfalme anatetemesha mkono wa kanzu kabla hajakubali kuwa ana hofu, kwamba jemadari ana soksi iliyotoboka.

Mumewe, dereva wa lori, alifariki kwa maradhi ya ini wakiwa hawajajaaliwa mtoto. Watu wakasema sasa Mama Tofu atafunga virago arudi kwao milimani. Ndugu zake walikuja kumchukua, na gari wamekodi. Akawapa chakula, akawafungia tofu iliyokaushwa kwa moshi, akawaaga. "Nikiondoka," aliwaambia, "nani atamwambia mama kuwa uso mweupe umeingia?"

Bibi Kuang aliishi mpaka uzee ukammaliza taratibu, akafa kitandani mwake baada ya kula bakuli zima la tambi na kulalamika kuwa pilipili ni kidogo. Majira yote ya baridi Suqiong hakuonekana ukumbini. Miti ya pichi ilipochanua akarudi, akakaa mahali pake pa siku zote, na kile kiti cha pili akakiwekea mkoba wake. Alitazama mchezo mzima kimya. Mimi nilikosea mapigo mara kadhaa siku ile. Ukimya wake ulinichanganya zaidi ya maneno yake.

Wakati huohuo mji wetu ulikuwa umeanza kujaa wageni. Kiwanda cha vioo vya simu kilikuwa kimefunguliwa ng'ambo ya mto, na watu walikuja kufanya kazi kutoka kaskazini ya mbali, watu warefu wasioweza pilipili na wasioelewa lahaja yetu. Jumamosi moja mvua ikawafukuzia ndani mke na mume wa aina hiyo. Mke aliitwa Tao Rui. Viti vyote vilikuwa na watu.

"Samahani, shangazi," Tao Rui akamwuliza Suqiong. "Hiki kina mtu?"

Suqiong alikitazama kile kiti kwa muda. Kisha akautoa mkoba wake. "Kaa, mwanangu, usije ukaloa."

Tao Rui akakaa, mumewe akasimama nyuma yake. Akanong'ona, "Shangazi, eti sura zinabadilika saa ngapi? Tumeona kwenye simu, mtu anapitisha mkono usoni, paa, sura nyingine."

"Hiyo ni pilipili ya kunyunyiza juu," akasema Suqiong. "Kwanza ule chakula."

"Sasa yule mbona anapepesuka na kiboko?"

Nikauona uso wa Suqiong ukiamka, kama mtu aliyesikia akiitwa jina. "Kiboko gani? Huyo yuko juu ya farasi! Tazama mguu wake, tazama. Farasi kakwama matopeni…" Na ule mdomo uliofungwa majira yote ya baridi ukafunguka, na haukufungwa tena.

Jumamosi iliyofuata Tao Rui alileta wenzake wa zamu. Iliyofuata tena, wenzake wakaleta wenzao. Wakajibana kumzunguka Suqiong kama kuku wanaotupiwa mtama, wakatafuna mbegu za alizeti na kuuliza maswali. Mbona meza ileile ni mlima, halafu ni kitanda? Mbona watu wasioonekana wanaimba nyuma ya pazia? "Hao wanaimba yaliyo moyoni mwa yule aliye jukwaani," Suqiong akawaeleza. "Yeye mwenyewe ana haya ya kuyasema, basi wanamsemea." Na kwa kuwa wasikilizaji wamekuwa wengi, kunong'ona hakukutosha. Akawa anasema. Kisha akawa anasema kwa sauti.

Wenyeji wakachukia. Fundi wa kusafisha masikio, anayepita kati ya viti na vijiti vyake, alimwambia waziwazi: "Mama Tofu, mimi nayasafisha, wewe unayajaza tena." Lakini aliyechukia kuliko wote alikuwa mkuu wa kikundi chetu, Shao Yunpeng. Yeye ndiye mwigizaji wa majemadari, mtu mwenye sauti ya kutikisa vikombe na moyo mwepesi wa kujeruhika. Aliyefurahi alikuwa mmoja tu, Jing Bocai, mchekeshaji wetu, mgane mwenye masikio makubwa. Huyu kila asubuhi alinunua tofu kwa Suqiong, ingawa sote tulijua kuwa tofu humjaza gesi tumboni.

Basi Jumamosi moja tulikuwa tunacheza kisa cha jemadari aliyeshindwa vita. Shao kajipaka uso mweupe, bendera nne mgongoni, anaimba wimbo mrefu wa majonzi: mvua ilimwonea, farasi alimwangusha, askari walimkimbia. Wimbo ule ndio fahari yake. Alifika pale pa juu kabisa, sauti imesimama kama uzi, ukumbi umetulia tuli. Na katika utulivu ule Suqiong akasikika mpaka jikoni:

"Msimwonee huruma! Alikuwa kalewa. Farasi wa watu anasingiziwa bure!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Wageni walicheka, wenyeji walicheka, mpiga ngoma aliangusha kijiti. Shao akanyamaza katikati ya neno. Alisogea mpaka ukingoni mwa jukwaa, bendera zinatetemeka.

"Mama Tofu! Hapa anayeigiza ni nani, mimi au wewe?"

Suqiong akasimama. Uso ulikuwa umemwiva. "Wewe, bwana Shao. Lakini hawa hawajui unaigiza nini."

"Ahaa! Kwa hiyo bila wewe mimi ni bubu?"

"Sikusema hivyo. Ila umeimba kwa lahaja yetu, tena umevuta neno moja muda wa mtu kunywa kikombe cha chai. Hata mimi ningekuwa nimetoka kaskazini ningedhani unaumwa jino."

Kicheko tena. Shao akautupa mkono wa kanzu. "Basi panda! Panda uwaeleze hukuhuku juu, nione!"

Alidhani atakaa chini kwa aibu. Na Suqiong alitaka kukaa, niliyaona magoti yakianza kukunjika. Lakini Tao Rui akamsukuma mgongoni, "Panda, shangazi, panda," na Jing Bocai akatoka nyuma ya pazia na kofia yake ya mwendesha mashua, pua imepakwa doa jeupe, akamnyooshea kasia ili alishike na kupanda nalo. Akapanda, na aproni yake ya tofu.

Sehemu iliyofuata ilikuwa ya jemadari kuvuka mto akimkimbia adui. Suqiong aliutazama ukumbi kutoka juu kwa mara ya kwanza maishani mwake, akawa anajifuta mikono kwa aproni. Nikampigia matoazi kidogo, tii, kumtia moyo.

"Jamani," akaanza. "Hapa… hapa ni mto."

"Maji yako wapi?" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Maji yako magotini mwao! Bocai, waonyeshe."

Bocai akaruka ndani ya mashua isiyokuwepo. Magoti yakazama, yakainuka, yakazama. Suqiong akamgeukia Shao. "Sasa bwana jemadari anaingia. Mzito, ana silaha. Upande wake utazama, wa Bocai utainuka. Akikosea huyo, wamekufa wote wawili."

Shao alikuwa bado amekasirika, lakini mwigizaji ni mwigizaji. Hawezi kuambiwa "ukikosea" mbele za watu akakaa tu. Akaruka. Akazama kwa magoti yake, na Bocai akainuka upande wa pili kama kafungwa kamba moja naye, na mashua ile tupu ikaonekana wazi mbele yetu sote, mpaka watu wa mstari wa mbele wakavuta miguu yao wasilowe.

"Mwanangu Tao Rui!" akaita Suqiong. "Njoo na wewe uvuke!"

Tao Rui akaja mbio, akapanda jukwaani, akatembea moja kwa moja mpaka katikati ya mashua kana kwamba anaingia dukani. Bocai akatupa kasia, akapiga makelele: "Umetoboa! Umetoboa mashua yangu, wee mwanamke wa kaskazini! Naogelea mimi!" Akajitupa chini, akaanza kupiga mbizi juu ya mbao. Na jemadari Shao Yunpeng, mwenye moyo mwepesi wa kujeruhika, baada ya kusita kidogo, akaziba pua yake kwa vidole viwili na kuzama naye.

Sijawahi kusikia vicheko kama vile. Mwenye ukumbi alisema siku ile vilivunjika vikombe vingi kuliko vilivyovunjika siku ya harusi yake.

Mchezo ulipokwisha, Suqiong alikuja chumba cha kujipaka rangi, ameshika sahani ya tofu kwa mikono miwili, kichwa kainamisha. Shao alikuwa anajifuta uso kwa mafuta. Nusu yake mweupe, nusu yake binadamu.

"Nimekuja kuomba radhi, bwana Shao. Nimekuharibia wimbo."

"Umeniharibia, ndiyo," akasema. Akajifuta, akajifuta tena. "Lakini nikuambie kitu. Wimbo ule ni wa mwongo. Mwalimu wangu alinifundisha kila neno liwe na harufu ya pombe. Miaka yote nimeuimba, watu wanalia. Wanalia, mama! Leo ndiyo mara ya kwanza wamecheka, na walipaswa kucheka." Akachukua kipande cha tofu, akala. "Kila Jumamosi, kabla pazia halijafunguka, utapanda uwaeleze. Lakini nikiimba wimbo wa majonzi wa kweli, unafunga mdomo."

"Nitajaribu."

"Usijaribu. Funga."

"Sasa nitajuaje huu ni wa kweli na huu ni wa uongo?"

Bocai, aliyekuwa anajifanya anatafuta kiatu, akadakia: "Mpiga matoazi atakupigia, mama Suqiong. Akipiga, nyamaza." Nikapewa kazi hiyo, na nakiri kuwa nimeitumia kuliko inavyotakiwa.

Tangu hapo mambo yalikwenda vizuri. Ukumbi ukaongezewa mabenchi. Tao Rui alijifunza kuimba nyuma ya pazia pamoja na wale wanaomsemea mtu yaliyo moyoni, na ingawa lafudhi yake ya kaskazini inamfanya kila mwenye huzuni asikike kama anaagiza maandazi, hakuna aliyekubali aondolewe. Hata fundi wa masikio siku hizi anasimamisha vijiti vyake Suqiong akipanda.

Na Bocai? Aliendelea kununua tofu mpaka sote tukachoka kwa niaba ya tumbo lake. Mwishowe nikamwuliza Suqiong mwenyewe, "Dada, huyu mchekeshaji huoni anavyokutazama?"

"Namwona. Miaka namwona."

"Sasa?"

"Sasa nangoja aseme. Kila siku nawasemea watu wengine, hili siwezi kumsemea."

Nilimfikishia Bocai maneno hayo mchana uleule. Alikwenda dukani kwa Suqiong na kanzu yake ya jukwaani, bila rangi usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikosa mzaha wa kuutoa. Alisema tu, "Suqiong, tofu siipendi." Suqiong akajibu, "Najua. Ingia ndani, nimepika samaki."

Walifunga ndoa majira ya kupukutika majani, na meza za karamu zilifika mpaka barabarani. Shao aliimba, na mimi sikuwa na kazi ya kumnyamazisha bibi harusi, kwa maana alikuwa analia na kucheka pamoja, maneno hayakutoka. Sasa wanaishi juu ya duka. Alfajiri Bocai husaga soya bila ustadi wowote na kumwaga nusu sakafuni, Suqiong humfokea, na majirani wa pande zote mbili hufungua madirisha ili wasikie vizuri.