Mama mkwe ameongeza maji kwa matumbawe yangu

Kama hujaoa, pita tu, hutaelewa hii.

Asubuhi nimegundisha vipande vitano vya matumbawe hai kwa mawe ya tangi langu la samaki wa baharini. Kimoja kimoja, na gundi.

Nikatoka kununua mkate.

Kurudi, tangi limejaa pomoni, maji ni kama uji.

Mama mkwe ananiambia, "Niliona yamepungua, nikaongeza ya kisima. Si samaki wako ni wa chumvi?"

Kisima chetu hapa Zombe kina chumvi, ndiyo. Lakini si ya bahari.

Na yale maji ya mvua niliyoweka ya kuongezea, maana maji hukauka chumvi ikabaki? Amefulia mapazia.

Vipande vyote vimejikunja.

Sasa niambieni, Mkamba gani anamfokea mama mkwe, na kwetu hata kumtazama usoni ni mwiko?

Nikaangalia chini, nikasema, "Asante, mama."

Amefurahi. Anasema kesho ataongeza tena.