Beki wa Kambi ya Bati

Kwetu Muheto, mama zetu walikuwa wakimpa Floribert Nzabandora watoto wao awashikie wanapopalilia. Alikuwa kijana mkubwa wa mwili, mwenye mabega ya kujaza mlango, lakini mikono yake ilikuwa myepesi, na mtoto aliyekuwa akilia alinyamaza akishikwa naye. Nasema hili kwanza kwa sababu watu wa Walikale na wa kando ya ziwa wanamkumbuka kwa jambo jingine.

Baba yake alikufa wakati wa vita ya Wazungu, miaka ile wanaume wa milimani walipotolewa kwa nguvu kwenda kuchimba barabara. Alirudi nyumbani na kikohozi, akafa kabla ya maharagwe kukomaa. Floribert, kwa kuwa ndiye kifungua mimba, akaacha masomo ya misioni na kushika jembe pamoja na mama yake, Nyiraneza. Shamba lao lilibaki la mteremko mtupu. Sehemu nzuri ya chini, ile tambarare yenye udongo mweusi, ilikuwa imekwisha kuingizwa ndani ya ua wa mkoloni aliyepanda pareto.

Jumapili baada ya misa alicheza mpira. Uwanja wa misioni uliinamia upande mmoja. Mpira ukitoka kwa chini uliteremka hadi mtoni, na wachezaji wote walikaa kwenye nyasi kuungoja. Floribert alicheza beki. Hakuwa na mbio wala mbwembwe. Lakini mtu akimjia na mpira, yeye alisimama tu, na yule mtu akagonga bega lake akaanguka chini.

Mwaka 1949 karani mmoja aitwaye Edmond alipita misioni akielekea Kalembe. Alifanya kazi kwenye kambi ya kuchimba bati, ng'ambo ya Kalembe, kule milima inapokwisha na pori la Walikale linapoanza. Bwana Direkta wa kambi ile alipenda mpira kuliko kitu chochote, na Edmond ndiye aliyemtafutia wachezaji. Alitazama mchezo mpaka mwisho, kisha akamfuata Floribert hadi nyumbani.

"Kijana, ni weye niko natafuta," alisema, hata kabla ya kuketi. "Kule kwetu kuko kazi, kuko nyumba, kuko posho ya kila juma. Na jembe hautashika tena."

Nyiraneza hakuinua macho kutoka kwenye maharagwe aliyokuwa akichambua. "Kule iko pori, Papa. Homa inamaliza bantu."

"Mama, homa iko ya bale benye kulala mu majani. Mutoto wako atalala mu nyumba."

"Niache niende, mama," akasema Floribert. "Hapa tunalima mawe."

Asubuhi aliyoondoka, mama yake alimsindikiza hadi penye njia panda, akamfunga shingoni medali ya Bikira Maria, akageuka kurudi bila kungoja apotee machoni.

Kambini wanaume walisimama ndani ya maji ya mifereji kutwa nzima, wakiosha changarawe ili bati libaki chini. Miguu yao ilikuwa myeupe na yenye nyufa. Floribert hakuingia majini. Alipewa kazi ya kulinda depo la vyakula, kazi ya kukaa kwenye kivuli, na kila alasiri aliitwa uwanjani kwa mazoezi. Waosha changarawe walimpita bila kumsalimu. Jumapili walishangilia jina lake, Jumatatu hawakumjua.

Edmond ndiye aliyemfundisha kazi.

"Weye hauko wa kufunga goli," alimwambia. "Kufunga kuko na benyewe. Weye uko wa kuogopesha. Muntu akikutana na weye mara moja, asitake ya pili."

Akampa viatu vya njumu. Timu nyingi za huko zilicheza miguu mitupu, lakini Direkta aliagizia timu yake viatu kutoka mbali, vyeusi, vizito, vyenye ncha ngumu. Mwanzoni Floribert alitembea navyo kama mtu anayekanyaga miiba. Baadaye alivizoea, akaanza kushinda, na watu wakampa jina la Nyundo. Timu zilizokuja kambini ziliuliza kwanza kama Nyundo anacheza. Wengine walimwona anavyofunga kamba za viatu wakaanza kucheza mbali na upande wake.

Siwezi kusema kwamba hakupenda. Kijana aliyekuwa akilima mawe, leo watu elfu wanaita jina lake, na Mzungu anampa mkono mbele ya wote! Alipenda. Alimwoa Mukasine Agathe, binti wa wakulima wa Kalembe, na siku ya arusi timu nzima ilivaa fulana zake za manjano kanisani.

Agathe alikwenda uwanjani mara moja tu. Aliondoka kabla ya mchezo kwisha, na Floribert aliporudi alimkuta akitwanga sombe, majani ya mhogo, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Ule muntu ulimupiga alikukosea nini?" akamwuliza.

"Ni mupira, mama. Iko vile."

"Sijaona ukimupiga muntu hapa nyumbani. Sikujua unajua."

Mtoto wao wa kwanza, msichana, alizaliwa hapo kambini na kufa hapo, kwa ile homa aliyoitaja Nyiraneza. Walimzika kwenye makaburi ya nyuma ya kambi, mahali ambapo majani ya pori yalirudi kila baada ya mvua hata ukiyakata mpaka kwenye udongo.

Mwaka 1954 timu ya Bweremana ilipanda kutoka ziwani kuja kucheza. Walikuwa wavuvi na wachuuzi, wote miguu mitupu. Winga wao wa kushoto, Hakorimana, alikuwa mwembamba na mwepesi kama kamba ya mtego. Kipindi cha kwanza alimpita Floribert mara nyingi hata watu wa kambi wakaanza kucheka. Mara mbili mpira ukaingia golini. Direkta hakucheka.

Wakati wa mapumziko Edmond alimvuta Floribert kando ya nguzo ya goli.

"Ule wa kushoto. Asimalize."

"Asimalize namna gani?"

"Usiniulize sawa na mutoto. Unaona nani anakaa pale?"

Floribert alitazama kiti cha Direkta. Kisha akainama akakaza kamba za viatu.

Haikuchukua muda. Hakorimana alikuja na mpira kama alivyokuwa akija, akainama kulia ili apite kushoto, na safari hii Floribert hakuufuata mpira. Aliuacha upite. Akaingiza kiatu chini ya goti, kwenye mfupa wa mbele. Waliokuwa karibu na mstari wanasema walisikia mlio kama wa ukuni mkavu. Hakorimana hakupiga kelele mara moja. Alitazama mguu wake uliokuwa umepinda mahali pasipo na kiungo, ndipo akalia. Na watu, kabla ya kuelewa, walikuwa wameshangilia.

Kambi ilishinda siku ile. Jioni Direkta aliwatumia wachezaji bia, na Edmond alimpiga Floribert begani. Floribert hakunywa. Kesho yake alikwenda lopitalo, hospitali ya kambi, alikolazwa Hakorimana, mguu ukiwa umefungwa kwa mbao mbili. Akasimama karibu na kitanda, kofia mkononi.

"Ni weye," akasema Hakorimana.

"Ni miye, kaka."

"Balikutuma?"

"Balinituma."

"Na ule muguu wenye ulinipiga nao, ni wabo ao ni wako?"

"Ni wangu."

Hakorimana akageuza uso ukutani. Baada ya majuma machache ndugu zake walikuja wakambeba kwenye kitanda cha mianzi hadi ziwani.

Tangu hapo Floribert aliharibika. Alivaa fulana, alisimama mahali pake, lakini mtu akimjia mguu wake ulisita. Alikuwa anaanza na kujizuia. Wanaojua mpira watakwambia kwamba hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote: anayeingia kwa nguvu zote huumiza, na anayesita ndiye anayeumia. Msimu uliofuata, katika mchezo ambao watu hawakumbuki hata ulikuwa na nani, alisita mbele ya kijana mmoja mzito. Goti lake likageuka. Alibebwa nje, na goti lile halikunyooka tena.

Edmond alikuja kumwona mara moja, akiwa amesimama mlangoni.

"Bale ba ofisi banasema kazi ya depo iko ya muchezaji," akasema. "Miye siko na nguvu, Floribert. Viatu pia, banaomba uvirudishe."

Agathe ndiye aliyevileta viatu kutoka chini ya kitanda. Alivitua miguuni pa Edmond.

Wakamweka majini. Akiwa na goti lile bovu, Floribert alisimama kwenye mfereji pamoja na wale wanaume waliokuwa hawamsalimu. Sasa walimsalimu. Mmoja alimwonyesha namna ya kuegemea ukingo ili kupunguza uzito. Lakini maji ya pale hutoka milimani yakiwa baridi, na jioni hakuweza kutembea. Alivumilia mwaka na zaidi kidogo. Agathe ndiye aliyesema waondoke. Siku ya kuondoka alikwenda kwanza nyuma ya kambi peke yake, na aliporudi mikono yake ilikuwa na udongo na damu ya kukatwa na majani makali.

Walirudi Muheto mwaka 1957. Nyiraneza alikuwa amezeeka, shamba likilimwa na Damien, mdogo wake Floribert. Damien hakuwa mtu mbaya. Aliwakatia kipande cha juu kabisa, kwenye mteremko ambao mtu mwenye magoti mawili mazima hupanda akishika majani. Floribert alipalilia akiwa amekaa, akijisogeza kwa mikono. Uwanjani hakwenda. Jumapili baada ya misa alishika njia ya nyumbani mpira ukiwa haujaanza.

Baada ya mavuno ya mwaka uliofuata, alimwambia Agathe kwamba anataka kupeleka maharagwe Bweremana.

"Kwa nani?" akauliza Agathe, ingawa alijua.

"Kwa mwenyewe."

"Na muguu huo utafika?"

"Nitafika polepole."

Alifika siku ya pili, akionyeshwa njia na wavuvi hadi kwenye nyumba moja iliyo karibu na maji. Mwanamke aitwaye Epiphanie alikuwa akianika mihogo. Alipoona mgeni anavyochechemea na mzigo kichwani, alimletea kigoda na kikombe cha maji kabla hata ya kumwuliza jina.

"Karibu, Papa. Unatoka mbali?"

"Natoka Muheto. Niko natafuta Hakorimana."

"Ni bwana yangu. Haiko." Akatazama ziwani. "Kila asubuhi mitumbwi ilikuwa inatoka, na yeye anabaki hapa na bamama. Ilimushinda. Alivuka kwenda kisiwani Idjwi, akasema anaenda kutafuta kazi ya kukaa. Mwaka unapita, hakuna habari. Weye ni ndugu?"

Floribert alikuwa ameshika kikombe bila kunywa.

"Hapana, mama. Miye ni Nzabandora. Wa kambi ya bati."

Epiphanie alibaki amesimama, kipande cha mhogo mkononi. Kuku walikuwa wakidonoa mihogo iliyoanikwa na hakuwafukuza. Floribert alianza kuinuka ili arudishe kikombe.

"Kunywa kwanza," akasema Epiphanie. "Kisha uende."

Akanywa. Aliacha maharagwe penye kizingiti, akashika njia ya kupanda. Alipofika kwenye kona ya kwanza aligeuka: Epiphanie alikuwa amekwisha kurudi kwenye mihogo yake, na mzigo ulikuwa pale pale.

Nyumbani Agathe alimpashia moto maji ya kukanda goti. Hakumwuliza mengi. Alimwuliza tu kama maharagwe yalipokelewa.

"Yalifika," akasema Floribert.