Waya Uliofunga Majembe ya Ikinga

Raphaeli Mwashiuya hakuuza waya wa serikali kwa Wazambia. Wanaosimulia hivyo kwenye foleni ya sukari hawakuwapo Ikinga mwaka ule wa 1976.

Kazi yake ilikuwa vipaza sauti vya mikutano ya serikali, na nyaya zake alizitunza kuliko viatu vyake. Kila waya aliukunja kwa duara pana, akaufunga kwa kipande cha kanga ya mkewe: chekundu cha spika, cha njano cha betri. Hakuruhusu mtu kuzigusa.

Ikinga walizigusa. Mkutano ulipokwisha, Anyosisye, mwenyekiti wa kijiji, alisimama. "Ndugu, tumsaidie mgeni! Mali ya umma ni yetu sote!" Watu arobaini wakavamia.

"Jamani, acheni! Huo utakatika!"

"Pumzika, fundi," akatania Tabita wa kamati, huku akikaza fundo. "Au una ubepari wa kamba?"

Siku ya tatu, kwenye mkutano wa Mbangala, alifungua sanduku akakuta mafundo matupu, na waya mrefu wa spika haumo. Bwana mkubwa wa idara yake akahutubia watu mia tatu kwa koo lake mwenyewe, akashuka jukwaani sauti imemkauka.

"Umeuuza Tunduma, mpakani," alimwambia Raphaeli, mbele ya watu wote.

Raphaeli alirudi Ikinga, nusu ya njia kwa lori, nusu kwa miguu. Ndani ya ghala la kijiji majembe thelathini yalikuwa yamefungwa bunda moja kwa waya mweusi, kipande cha kanga nyekundu bado kinaning'inia.

"Kumbe ni wako?" Anyosisye akashangaa. "Sisi tuliona kamba imara, tukasema serikali imetukumbuka."

Raphaeli aliketi juu ya gunia la mahindi. Kisha akaanza kuufungua waya, jembe baada ya jembe.

Alipourudisha, bwana mkubwa aliandika daftarini neno moja tu: "Umeonekana." Raphaeli akamwomba aandike pia ulipoonekana, ili watu waache kumwita mwizi. Akakataa. Basi Raphaeli akaweka funguo za sanduku mezani, akaenda kijijini kwao Ruanda kulima kahawa yake mpaka alipofariki. Hakufukuzwa. Aliondoka.

Jina la bwana huyo, na maneno waliyoambiana mlango ukiwa umefungwa, mjane wa Raphaeli anayajua yote. Hayasemi. Asiulizwe tena, kanisani wala kisimani.