Vidole vya Yangeyange

Wapwa zangu, haya hamtayaamini: mimi mjomba wenu Niyonsenga, niliyeishia la tano kule Bukavu lakini kwa macho nawashinda walimu, nilishindwa na miguu ya ndege. Naandika huku nikimsomea mwenyewe Maman Uwimbabazi. Yuko hapa, anapepeta mchele.

Mama huyu ndiye anayehesabu ndege wa mashamba ya mpunga ya Bugarama kila Januari. Hakusomea. Amesimama kwenye matuta yale miaka kumi na miwili, basi. Yangeyange mkubwa na mdogo wote ni weupe, na mkubwa akikaribia kutaga, mdomo wake huwa mweusi kama wa mdogo. Akiwa peke yake mbali, kimo chake hukijui. Tofauti iko chini: mdogo ana vidole vya njano, kama aliyevaa soksi.

"Ngoja ainue muguu," Maman huniambia. "Matope inadanganya."

Asubuhi moja malaria ikamlaza, akanipa daftari. Nikajigamba: "Maman, lala! Ndege ya Bugarama yote inanijua kwa jina!" Nikahesabu nikiwa barabarani, juu ya baiskeli. Jua kali, ndege wamezama topeni, hakuna anayeinua kitu. Nikaandika: wakubwa, arobaini na mmoja. Nikaenda kunywa chai.

Wiki mbili baadaye bwana anayekusanya hesabu za ndege, Christophe-Aimé, akatukuta tutani.

"Maman, hapa wakubwa hawajawahi kupita sita. Macho imechoka? Daftari tumupe yule kijana Munyaneza."

Maman akanitazama mara moja tu. Hakunitaja. Nilipaswa kusema palepale kwamba aliyehesabu ni mimi. Mtazamo ule unaniwasha hadi leo, nikila, nikisali.

"Twende tuangalie," Maman akasema. Akasimama mbele ya ndege mwenye miguu myeusi tii. Tukangoja hadi kiuno kikaniuma. Mwishowe ndege akainua mguu, akausuuza majini: njano!

"Mudogo," akasema Maman. Na wa pili. Na wa tatu.

Daftari likabaki kwake. Lakini hesabu ya mwaka ule ilifutwa kwa kalamu nyekundu, na jina lililo juu yake ni lake, si langu.

Hapo ndipo nilipovua kofia, nikapiga magoti kwenye matope, nikamlilia yule bwana kwa sauti, nikamwambia ni mimi niliye—

"Papa Niyonsenga!" Maman ameacha kupepeta. "Magoti gani? Wewe ulikohoa tu, ukageuka kuangalia milima!"