Papardo wa Croydon

Mzee alikuwa na siku tatu hajala. Nesi alisema asipokula kufika jioni atapelekwa hospitali, na sisi wahudumu wa ile nyumba ya wazee kule Croydon, London, tunajua kwamba wengi waendao namna hiyo hawarudi. Nilimpenda mzee yule. Kiingereza kilikuwa kimemtoka kichwani, kikabaki Kihispania cha kwao, pwani ya kaskazini ya Uhispania. Kila nikimsogezea kijiko anafumba mdomo, kisha anafoka, "Papardo!"

Nilidhani ni tusi. Mimi ni mwepesi wa hasira, kwa hiyo nikamwita mwenzetu wa usafi, mzaliwa wa Madrid, anieleze natukanwa vipi. Akacheka mpaka akaegemea ufagio. Papardo, alisema, ni samaki anayefika pwani ya kwao mzee makundi kwa makundi wakati wa joto. Wenyeji wakawabandika jina hilo watu wa Madrid, wanaojaa ufukweni wakati wa likizo na kuuliza maswali ya kipumbavu.

"Hata mimi ananiita hivyo," akasema, "na kwangu ni kweli."

Hilo nililielewa kuliko alivyodhani. Mimi ni wa Nyeri. Siku ya kwanza kuiona bahari ya Mombasa niliingia majini na viatu, na mchuuzi mmoja wa mihogo akawaambia wenzake, "Waacheni, wabara hao." Nilinuna wiki nzima.

Kumbe mzee hakuwa amekataa chakula. Kichwani mwake alikuwa kwao, msimu wa wageni, nasi tulikuwa tunamsumbua.

Mchana ule kulikuwa na samaki wa kuoka. Nikaketi mbele yake na sahani, nikamwambia mwenzangu, "Mwambie sisi papardo tumefika, njaa inatuuma, na huyu samaki hatujui analiwaje."

Mzee alitutazama kwa huruma iliyochanganyika na dharau. Akashika uma, akatoa mwiba, akala kipande kutuonyesha. Akala kingine, tusije tukakosea. Alimaliza sahani nzima, na hospitali hakupelekwa.

Binti yake alinishukuru kwa simu mpaka nikaona haya, maana wa kushukuru ni mimi. Miaka yote niliyokaa London watu huniuliza nimetoka wapi, kisha hushangaa ni mbali kiasi gani. Mzee yule peke yake aliniona mgeni wa kutoka hapo jirani, wa kutaniwa tu.