Mzee Aliyenishika Mkono Darajani

Kwanza mnisamehe mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, naandika polepole, na watu wakiwa wengi naona aibu hata kuongea. Lakini jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Anayetaka kucheka acheke. Mimi bado nina hasira.

Nimeolewa upande wa Kisiba, kwenye ukoo unaoshika sana mila. Siku hizi wengi wameacha, lakini kwao mke bado hamtazami baba mkwe wake. Akija njia hii, wewe unashika nyingine. Mkikutana ghafla unajifunika khanga na kuchutama mpaka apite. Baba mkwe wangu alikuwa mstaarabu. Akikaribia nyumba alikohoa kwa mbali ili nipate muda wa kukimbilia jikoni. Kwa hiyo nilimjua kwa kikohozi tu. Sura yake sikuijua, na yeye yangu hakuijua. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi daraja la zamani la chuma lililo chini ya kijiji. Masika yaliyopita aliteleza akiwa kazini, mto ukamchukua. Alipozikwa, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na masufuria.

Sasa wakaja wataalamu kutoka mjini kulipima daraja hilo. Walisema ni la siku nyingi, wanataka kujua kama bado linaweza kubeba malori ya ndizi. Wakabandika vidude vyenye sumaku kwenye vyuma, nyaya zikaenda mpaka kwenye kompyuta. Injinia wao akatueleza kwamba daraja huulizwa afya yake kwa kutikiswa. Watu wanaruka pamoja katikati, halafu wanatulia kabisa, na kompyuta inaangalia jinsi mtikisiko unavyokufa wenyewe. Akaomba wanakijiji wa kuruka. Wifi yangu, dada wa mume wangu, akanivuta mkono.

"Twende wifi, leo utaruka mpaka aibu ikutoke."

Ilikuwa asubuhi na ukungu umeshuka mpaka majini. Kijana mmoja akauliza, je, tukilivunja? Injinia akajibu kwamba hata tungenenepa wote tusingefikia lori moja. Tukacheka. Akatuambia tushikane mikono ili tutue kwa pamoja. Wifi alinishika mkono wa kushoto. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kwenye mstari, kwa hiyo mkono wangu wa kulia haukuwa na mtu. Halafu ukawa na mtu.

Alikuwa mzee, jicho moja limelegea, shavuni ana kovu la moto. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama vyuma vile. Nilidhani ni ubaridi wa asubuhi. Wewe ungedhani nini? Nikamwamkia kwa sauti ndogo, shikamoo babu. Hakuitikia. Alikuwa ananitazama tu, taratibu, kama mtu anayesoma. Mimi si mtu wa kutazamana na watu, niaminini, lakini niliona ni dharau kuinamisha uso, nikamtazama na mimi. Akatabasamu.

"Kumbe una sura hii," akasema.

Injinia akahesabu, tukaruka. Akasema tutulie, tukatulia. Daraja zima likanyamaza, lakini yeye akakunja uso mbele ya kompyuta, akauliza nani bado anajitikisa upande ule. Hakuna aliyejitikisa. Mimi tu ndiye niliyejua, kwa sababu yule mzee alikuwa anatetemeka kuanzia begani mpaka vidoleni, na chuma chini ya miguu yetu kilikuwa kinatetemeka naye. Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Ni huyu babu," nikasema. "Anasikia baridi."

Wote wakageuka. Na mimi nikageuka. Mkono wangu ulikuwa umenyooka hewani, vidole vimekunjwa, umeshika hewa tupu.

Injinia hakucheka. Alisema, dada, toka, unatuharibia kipimo. Wakarudia bila mimi, na mtikisiko ukafa vizuri kama walivyotaka.

Wifi akanisindikiza hadi barabarani. Yeye alikuwa anacheka, ananiuliza babu gani huyo. Nikamweleza jicho na kovu. Kicheko kikakatika. Nilingoja alie, au aniulize baba yake amesema nini.

"Umemtazama baba usoni?" akauliza.

Basi, ni hilo tu. Mtu amerudi kutoka majini, na swali ni macho yangu.

Mama mkwe hali tena chakula nilichopika. Wakubwa wa ukoo wamesema nipige magoti kaburini niombe radhi, la sivyo nisirudi. Nimekataa. Nimuombe radhi kwa lipi? Yeye alinijua, mimi sikumjua. Kukohoa mara moja tu kungetosha, na siku hiyo akanyamaza kwa makusudi. Binti yake alikuwa palepale, mbona hakumshika yeye? Najua, nilimpikia siku zote bila kuonana, pengine alitamani kuniona. Hata mimi ningependa kumwona. Lakini angesema yeye ni nani, na mimi nichague.

Sasa nipo kwa wazazi wangu, Ibighi. Mume wangu huja, anasimama mlangoni, ananiomba niseme samahani ili yaishe. Nampa chai, anakunywa, anaondoka. Nikikutana na mzee yeyote njiani naangalia viatu vyake.

Wewe binti unayeolewa kwenye ukoo wa namna hii, omba picha ya baba mkwe mapema, angali hai. Itazame mpaka uishike kichwani, hata wakikusema. Mimi picha yake nilionyeshwa baada ya yote, ili nihukumiwe nayo.

Na ninyi mnaosoma, tafadhali niandikieni. Msinieleze habari za mizimu, mzimu nimeushika mkono. Nijibuni jambo moja tu, maana hapa hakuna anayetaka kunijibu: pale darajani, nani alianza kumtazama mwenzake?